Sabufa Kwenye Gari la Abiria: Waya Kwanza, Muziki Baadaye

Mada kwa mafundi umeme wa magari, madereva na wamiliki wa magari ya abiria, Mkuyuni, Morogoro Vijijini



Ukipanda gari mjini kuja huku kwetu, ukishaipita Bigwa na kuanza kuitafuta Kiroka, sikiliza redio ya gari ulilomo. Mwimbaji yupo, gitaa la solo lipo, ngoma za juu zipo. Besi hakuna. Dereva naye anajua kwamba haipo, ndiyo maana anapandisha sauti. Spika za mlangoni zinaanza kukwaruza, mwimbaji anakuwa kama mtu anayegombana na abiria, na besi bado haijafika. Kesho yake dereva anakwenda kwa fundi: nifungie sabufa.

Hoja yangu leo ni moja. Sabufa ikifungwa inavyotakiwa, gari linapaswa kuwa na kelele kidogo kuliko lilivyokuwa. Ikiwa kelele imeongezeka, fundi amekosea au dereva amemlazimisha akosee. Na sehemu kubwa ya ufundi huu haiko kwenye boksi la sabufa. Iko kwenye waya unaotoka betri.

Besi imepotelea wapi

Sikio zima la binadamu husikia kuanzia kama hezi 20 hadi 20,000. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa hezi 41. Spika ya mlangoni yenye upana wa sentimita 10 au 16 inaanza kuishiwa nguvu ikishuka chini ya hezi 100 hivi, kwa sababu sauti nzito inadai kusukuma hewa nyingi na karatasi ndogo haina uwezo huo. Mkoa huu umetoa Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, lakini abiria wa Noah anasikia nusu ya juu tu ya bendi hizo.

Wengine watasema redio yao ni kubwa, imeandikwa wati 50 mara nne. Geuzeni redio hiyo nyuma mtazame fyuzi. Mara nyingi ni ya ampea 10 au 15. Ampea 15 kwa volti 14 ni wati 210 kwa redio nzima, na hapo hujatoa umeme unaopotea kama joto. Kinachofika kwa kila spika kwa uhakika ni wati 15 hadi 20. Zile 50 ni za kwenye kasha.

Sabufa ninayoizungumzia ni ile yenye amplifaya yake ndani ya boksi, ya kutumia volti 12. Hii ndiyo inayofaa gari ambalo tayari lina redio yake na mwenye gari hataki kuibadilisha. Inaweza kukaa chini ya kiti bila hasara yoyote. Wimbi la sauti ya hezi 50 lina urefu wa karibu mita saba, linazidi Hiace nzima, kwa hiyo sikio haliwezi kujua besi inatoka upande gani. Anayeipanga nyuma ya kiti cha mwisho ili ionekane anauza sura.

Kuna jamaa wanaochukua sabufa ya sebuleni na kuifunga kwenye gari kwa inveta. Umeme wa betri unapandishwa kuwa volti 230, kisha ndani ya sabufa unashushwa tena. Mnapoteza umeme mara mbili ili kurudi karibu na mlipoanzia, na mmeweka volti za kuua mtu chini ya miguu ya abiria ambaye pengine amepanda na kiatu kilichoroa. Hilo sitalijadili zaidi. Lisifanyike.

Waya

Chukueni sabufa ya wati 150 za kweli. Amplifaya nzuri za siku hizi hugeuza kama asilimia 80 ya umeme kuwa nguvu ya kusukuma spika, kwa hiyo itavuta wati 187 hivi. Injini ikiwa inaunguruma, betri iko kwenye volti 13.8, gawanya, unapata karibu ampea 14 kila besi inapogonga. Sasa fundi wa haraka haraka anaukata waya wa njano nyuma ya redio na kuunganishia hapo. Waya ule umetengenezwa kwa ajili ya redio na fyuzi yake. Siku ya kwanza muziki unalia. Siku ya pili fyuzi inakatika. Siku ya tatu mtu anafunga fyuzi ya ampea 30, au kipande cha karatasi ya sigara, na kuanzia hapo waya ndio umekuwa fyuzi, nao unapita ndani ya dashibodi, katikati ya plastiki.

Waya wa sabufa utoke betri moja kwa moja. Kutoka betri hadi sabufa kwenye gari zetu ni kama mita tano. Ukitumia waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ule wa taa za nyumbani, kwa ampea 14 unapoteza karibu volti 0.8 njiani, na amplifaya inaanza kukata sauti kila ngoma inapolia. Ukitumia wa milimita za mraba 6, unapoteza 0.2 tu. Tofauti hiyo mteja ataisikia hata kama hajui kuieleza.

Lakini waya wenyewe uwe wa shaba. Madukani siku hizi kuna waya mnene, laini, wa rangi nzuri, bei poa. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukitokea weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba juu. Alumini inauzuia umeme zaidi ya mara moja na nusu kuliko shaba, na kwenye maungio huliwa na unyevu. Upande huu wa mashariki wa Uluguru ndio unaopokea mvua za kutoka bahari. Unyevu hapa si wa msimu mmoja. Ukilazimika kuutumia waya huo wa alumini, chagua unene wa hatua moja juu na ufunge kichwa chake kwa kibanio na solda, siyo kwa kusokota na selotepu.

Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye nguzo ya chanya. Fyuzi iliyo upande wa sabufa inailinda sabufa peke yake. Waya uliobaki, mita nne na nusu zinazopita chini ya zulia na kwenye tundu la bati, hazina mlinzi. Na tundu hilo la bati litiwe raba. Barabara yetu inatikisa gari siku nzima. Ukingo wa bati hukata ganda la waya taratibu, na siku chanya itakapogusa bodi, betri itamwaga mamia ya ampea hapo hapo.

Ethi nayo hupuuzwa. Waya hasi uwe na unene uleule, mfupi, ufungwe kwenye chuma cha bodi baada ya kukwangua rangi mpaka chuma king'ae, halafu upake grisi juu. Wateja wengi wanaolalamika kwamba sabufa inapiga mluzi unaopanda na kushuka na mwendo wa injini, wana ethi mbovu, au waya wa mawimbi ya sauti uliolazwa sambamba na waya wa betri. Pitisha mmoja kulia, mwingine kushoto.

Nieleze na magari ya volti 24, maana Fuso zinazobeba ndizi na machungwa kwenda mjini, na baadhi ya Coaster, zina betri mbili zilizounganishwa mfululizo. Fundi anachukua volti 12 kwenye betri moja na kuondoka. Betri hiyo inatumika zaidi ya mwenzake, lakini alteneta inazichaji zote mbili kama kitu kimoja. Moja inabaki na njaa, nyingine inashibishwa mpaka inachemka maji. Mwenye gari ananunua betri mpya na kulaumu aliyemuuzia. Dawa yake ni kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, chenye uwezo unaozidi ampea za sabufa.

Kuunganisha na kupima

Kama redio haina matundu ya amplifaya nyuma, chukua mawimbi kwenye waya za spika za nyuma na uyaingize kwenye tundu la sabufa lililotengwa kwa waya za spika. Waya wa kuiwasha sabufa, kwenye redio nyingi za dukani, ni wa bluu wenye mstari mweupe. Usiuchanganye na wa bluu mtupu, ambao ni wa antena. Redio iliyokuja na gari kutoka Japani haifuati rangi hizi. Hapo tumia mita.

Filta iwekwe karibu na hezi 80. Swichi ya fezi ijaribiwe huku na huku mtu akiwa amekaa kiti cha abiria. Ibaki pale ambapo besi inajaa zaidi. Kisha geini. Hiki si kitufe cha sauti. Weka redio robo tatu ya uwezo wake, geini ikiwa chini kabisa, ipandishe mpaka besi isikike pamoja na wimbo, halafu simama. Dereva atakwambia ongeza. Mwambie kwanza apunguze redio, kwa sababu sasa hana haja ya kuipandisha.

Gari likiwa stendi linasubiri abiria na injini imezimwa, sabufa ikivuta wastani wa ampea 5 kwa saa sita imemaliza ampea-saa 30. Betri ya ampea-saa 70 imeondokewa na karibu nusu, na betri hizi zimetengenezwa kuwasha injini, hazipendi kunyonywa. Matokeo yake mnayaona: abiria wenye nauli zao wanashuka kusukuma.

Abiria, konda na sikio

Kwenye kona zetu dereva anaendesha kwa macho na kwa masikio pia. Anahitaji kusikia honi ya lori linaloshuka, tairi linaloanza kupoteza upepo, konda anayegonga bodi, na bibi mwenye mzigo anayesema shusha kwa sauti ndogo. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 za wiki nzima. Ikipanda kwa desibeli 3 tu, muda wa salama unapungua nusu. Dereva na konda wanakaa humo kutwa. Tena tuna kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kwa hiyo hili si suala la ustaarabu peke yake.

Ombi langu kwa mafundi mliopo: tukubaliane hapa kwamba gari halitoki mikononi mwa yeyote kati yetu bila fyuzi karibu na betri na raba kwenye tundu la bati, hata mteja akidai bei ipungue. Na ninyi wenye magari, mkikabidhiwa gari, fungueni boneti au inueni kiti mkaone fyuzi hiyo kwa macho yenu kabla ya kulipa.