Mlango wa Duka Usioonekana: Ulinzi wa Tovuti na Jina Jema la Mfanyabiashara

Hotuba ya Afisa wa Uhusiano wa Umma wa Polisi kwa wafanyabiashara wa mpakani, Busia, upande wa Uganda



Wazee walio katika ukumbi huu wanazikumbuka zama ambazo mtu akisikia Kiswahili kinywani mwa askari alikimbilia kufunga mlango. Nami leo nimekuja na Kiswahili hicho hicho kuwaomba mfunge mlango. Tofauti ni kwamba mlango ninaousema hamuuoni kwa macho, na anayenyemelea nje yake si askari.

Tangu kituo cha pamoja cha mpaka kizinduliwe hapa mwaka 2018, dereva wa lori husimama mara moja badala ya mara mbili. Biashara imekwenda mbio, na mnunuzi naye amebadilika. Mtu wa Bungoma au wa Tororo hapandi gari kwanza ndipo aulize bei. Anaandika kwenye simu yake "vitenge Busia", kisha anamwendea yule anayetokea juu ya orodha. Nafasi ile ya juu imekuwa sawa na kibanda kilicho kwenye lango la soko: kila mchuuzi anakitamani. Ninachotaka tukielewe leo ni kwamba mwizi naye anakitamani, na njia ya kukipata kwa pupa ndiyo hiyo hiyo anayoingilia.

Niruhusuni nieleze kisa kimoja, bila kumtaja mhusika. Mama mmoja muuza vitenge na mashuka alitengenezewa tovuti na kijana wa mtaani kwake. Ilimletea wateja wa pande zote mbili. Siku moja akapigiwa simu na mtu asiyemfahamu, aliyemwahidi kwamba ndani ya siku saba duka lake litatokea la kwanza kwenye Google. Malipo yalikuwa madogo. Sharti lilikuwa moja tu: ampe nywila ya tovuti. Mama akampa.

Wiki mbili hazikuisha. Wateja waliotafuta jina la duka lake wakaona matangazo ya kamari na ya dawa za kuongeza nguvu, kwa maandishi ya kigeni. Waliobonyeza walikutana na onyo jekundu kwamba tovuti hiyo ni ya hatari. Namba ya kupokelea malipo ilikuwa imebadilishwa, na wateja wawili wa ng'ambo ya mpaka walikuwa wametuma pesa za mzigo usiofika. Walimwita mwizi, yeye ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiwakopesha kwa neno la mdomo.

Mama alipokwenda kuripoti, askari wa kaunta alimuuliza, "Kimeibwa nini hasa?" Naye akashindwa kujibu, kwa kuwa bidhaa zake zote zilikuwa rafuni. Akaambiwa arudi nyumbani. Nalisema hili hadharani kwa sababu kosa lile lilikuwa letu. Jibu lilikuwepo: aliibiwa jina.

Wengi huniuliza, mwizi anatafuta nini kwenye tovuti isiyohifadhi hata shilingi? Injini ya utafutaji hupanga tovuti kwa kupima mambo mengi, mojawapo likiwa ni tovuti nyingine zinazoielekeza kwake. Ni kama kijijini: mgeni anayetambulishwa na watu wanaoaminika hupokewa upesi. Muuza dawa bandia hana wa kumtambulisha. Kwa hiyo huvunja tovuti ya mtu mwaminifu na kuficha humo mamia ya kurasa na viungo vinavyoelekea kwake. Mara nyingi mwenye duka akiifungua tovuti yake haoni chochote, kwa maana kurasa hizo zimepangwa zionekane na injini ya utafutaji, au na mgeni anayepitia huko peke yake.

Namna ya kujikagua ni rahisi. Kwenye Google andika neno "site", weka nukta mbili, kisha anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi. Utaorodheshewa kurasa zako zinazojulikana huko. Ukiona ukurasa usioujua, kuna mgeni ndani ya nyumba. Isitoshe, Google ina huduma ya bure iitwayo Search Console, ambayo humjulisha mwenye tovuti inapogundua kwamba imevamiwa. Msajilisheni humo leo kabla ya kesho.

Kuhusu ahadi ya kuwa wa kwanza, Google wenyewe wamekwisha kueleza kwamba hakuna awezaye kumhakikishia mtu nafasi hiyo. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2012 walibadilisha mfumo wao ili kuzishusha tovuti zinazojipandisha kwa viungo vya kununua. Anayekuuzia njia ya mkato anaweza basi kukuuzia adhabu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kinachoipandisha tovuti kwa haki ni kazi ya kawaida: taja bidhaa kwa maneno ambayo mnunuzi mwenyewe hutumia, weka picha ulizopiga wewe, hakikisha anwani na namba ya simu ni zile zile kila mahali, ukurasa ufunguke upesi hata kwenye simu ya bei nafuu, na andikisha duka lako kwenye ramani ya Google, jambo ambalo halilipiwi.

Sasa tuje kwenye kufuli zenyewe.

Kwanza ni umiliki. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, lisajiliwe kwa jina lako na kwa barua pepe yako, si ya kijana aliyekutengenezea. Nimeona maduka yakigeuzwa mateka kwa sababu fundi na mwenye duka wamegombana. Fundi mpe akaunti yake mwenyewe, yenye mipaka, na uifute kazi ikiisha. Nywila yako iwe ndefu, isitumike penginepo, na iongezewe uthibitisho wa hatua mbili.

Pili ni usasishaji. Tovuti nyingi za maduka madogo hujengwa kwa WordPress na programu ndogondogo zinazobandikwa juu yake. Kasoro inapogunduliwa, watengenezaji hutoa toleo jipya, na wezi nao husoma tangazo hilo hilo. Tovuti isiyosasishwa ni ufa ambao umetangazwa. Jihadharini pia na programu za kulipia zinazogawiwa bure na watu wasiojulikana. Baadhi zimetegwa mlango wa nyuma. Ndizo yule aliyepewa nywila na mama yetu alizozipachika.

Tatu ni cheti cha usalama, kinachoifanya anwani ianze kwa https. Google walitangaza mwaka 2014 kwamba jambo hili huhesabiwa, japo kwa uzito mdogo, katika kupanga matokeo. Na tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huziandikia tovuti zisizo nacho kwamba si salama. Lipo shirika la Let's Encrypt linalotoa vyeti hivyo bure. Lakini wanunuzi nisikieni vizuri: cheti hicho huzuia watu wasidukue mazungumzo yako na tovuti njiani. Hakithibitishi kwamba muuzaji ni mwaminifu. Tapeli naye hukipata.

Nne ni nakala. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila wiki hifadhi nakala ya tovuti mahali pengine, mbali na kompyuta inayoihifadhi, na mara mojamoja ujaribu kuirudisha uone kama inafanya kazi.

Tano ni malipo. Namba ya kupokelea pesa ibandikwe pia dukani na kwenye risiti. Nanyi wateja, namba ikibadilika ghafla, mpigieni muuzaji kwa ile ya zamani kabla ya kutuma hata senti.

Ikitokea umeshavamiwa, usifute kila kitu kwa hasira. Mama yetu aliporudi mara ya pili na kusikilizwa, tovuti ilikuwa imefutwa yote, na ushahidi umekwenda nayo. Piga picha za skrini zinazoonyesha tarehe. Iombe kampuni inayohifadhi tovuti yako ikutunzie kumbukumbu za walioingia, kwa kuwa hazikai siku nyingi. Badilisha nywila ukitumia kifaa kingine. Watangazie wateja mapema. Aibu ya siku moja ni nafuu kuliko lawama ya mwaka. Kisha njoo kituoni. Tovuti ikishasafishwa, omba ikaguliwe upya kupitia Search Console ili onyo liondolewe.

Msidhani mpaka ni kichaka cha kujifichia mhalifu. Uganda ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, na Kenya ina sheria yake ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018. Kuingia katika tovuti ya mtu bila idhini ni jinai pande zote mbili, hata kama hakuna kilichobebwa. Wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki wana umoja wao wa ushirikiano, EAPCCO, ulioanzishwa Kampala mwaka 1998. Aliyetapeliwa Kenya aripoti Kenya, mwenye tovuti aripoti Uganda, na kila mmoja atunze namba ya jalada lake ili majalada hayo yakutanishwe. Tena, anayehifadhi majina na simu za wateja akumbuke kwamba nchi zote mbili zilipitisha sheria za kulinda taarifa za watu mwaka 2019. Daftari la wateja wako ni amana.

Mama yule yupo bado sokoni. Wateja wale wawili aliwalipa kutoka mfukoni mwake, kidogo kidogo, ijapokuwa pesa hazikufika kwake. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba vitenge hununuliwa vingine, lakini jina hana pa kulinunua. Sina la kuongeza juu ya hilo, isipokuwa ahadi: atakayefika kwetu na kusema ameibiwa jina hatarudishwa nyumbani tena. Akirudishwa, aniulizie mimi.