Upanga Usio na Historia ni Chuma Tu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu amenitaka nieleze kazi ya kukusanya panga za zamani za Asia ya Kusini-Mashariki. Nitasema juu ya jamii moja tu, nayo ni kerisi.

Kerisi ya Java, huko Indonesia, ni silaha ya kuchomea. Ina makali pande mbili, na karibu na mpini ubapa wake hupanuka upande mmoja kuliko wa pili. Ikiwa imepindapinda kama nyoka, hesabuni mapindo: kwa desturi huwa witiri, yaani 3, 5, 7 na kuendelea. Mhunzi hufua tabaka za chuma za namna mbalimbali, ndipo hutokea michoro ya rangi ya fedha iitwayo pamori.

Kwa Wamoro wa Sulu na Mindanao, kusini mwa Ufilipino, kerisi ilikua ikawa upanga wa kukatia. Hapo tazameni shingoni. Katika panga za zamani, shingo ni kipande cha peke yake kilichounganishwa na ubapa. Katika nyingi za karne ya 20 umechorwa mstari tu.

Tena, msisugue kwa msasa. Mtafuta kutu pamoja na ushahidi.

Lakini ubapa hausemi yote. Mwana wa mfalme Diponegoro aliongoza vita dhidi ya Waholanzi huko Java tangu 1825 hadi alipokamatwa 1830. Kerisi yake ilipelekwa Uholanzi, akapewa Mfalme Willem wa Kwanza. Baadaye ikachanganyika na nyingine katika ghala za makumbusho, na kwa miaka mingi hakuna aliyeweza kusema, "Ndiyo hii." Watafiti walisaidiwa na karatasi za zamani zilizoeleza ilivyo na ilivyofika. Machi 2020 ikarudishwa Indonesia. Pasipo karatasi hizo, heshima ya taifa zima ingebaki kabatini mjini Leiden.

Basi wanafunzi, mkiuziwa kitu cha kale, ulizeni kwanza: kilitoka kwa nani, na kwa njia gani? Andikeni siku hiyo hiyo mahali, mwaka na mwenyewe. Na asiye na kerisi, huenda nyumbani kwao upo mkuki wa babu. Maadamu babu yu hai, likizo hii mkamwulize.