Vitabu vya Hesabu Vinatuhusu
Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi na wajumbe wa karakana



Sisi wa karakana tumepewa zamu ya kusema juu ya hesabu za makampuni. Tunajua wengine wenu mnajiuliza: fundi wa reli anatafuta nini katika vitabu vya wahasibu? Jibu letu ni fupi. Ndani ya vitabu hivyo mna mshahara wetu na akiba ya uzee wetu. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nasi twaongeza: daftari lisilosomwa ni sawa na daftari lisilokuwapo.

Kwanza tuungame kosa letu. Mwaka mmoja tulikaa mezani na tajiri kutafuta nyongeza. Tukaambiwa kampuni imepata hasara kubwa, nyongeza haiwezekani. Kitabu cha hesabu kilikuwa pale mezani. Hakuna mmoja wetu aliyekifungua, kwa kuwa tuliona haya kuonekana hatujui. Tukatia sahihi, tukarudi kwenu mikono mitupu. Baadaye kijana wa mwenzetu, aliyesomea uhasibu, akatusomea kitabu kile ukurasa kwa ukurasa. Hasara ilikuwapo kweli. Lakini sehemu kubwa ilitokana na mashine za zamani kupunguzwa thamani vitabuni, wala si fedha zilizotoka sandukuni mwaka ule. Ukurasa wa mwendo wa fedha ulionyesha kwamba kazi yetu ilileta fedha nyingi kuliko zilizotumika kuifanya. Hatusemi kwamba tungepewa yote tuliyoomba. Twasema tungeuliza, na hatukuuliza.

Basi sikilizeni habari za kanuni hizi. Zamani kila nchi ilikuwa na njia yake ya kuandika hesabu. Mwaka 1973 wahasibu wa nchi mbalimbali waliunda halmashauri mjini London ili watunge kanuni moja. Mwaka 2001 kazi hiyo ikachukuliwa na bodi mpya. Kenya ilikuwa na kanuni zake yenyewe, lakini tangu mwaka 1999 makampuni yetu yametakiwa kufuata zile za kimataifa.

Sisi watu wa reli tunalielewa jambo hili upesi. Reli ya zamani kutoka Mombasa ina upana wa mita moja. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina upana wa milimita 1,435. Behewa la njia moja haliwezi kupita katika njia ya pili. Mzigo lazima uhamishwe. Hesabu nazo ni hivyo hivyo. Mwenye fedha aliye mbali hawezi kulinganisha kampuni ya Nairobi na ya nchi nyingine ikiwa kila moja inapima kwa kipimo chake. Nchi inayotafuta mitaji ikaona afadhali kipimo kimoja.

Kanuni hizi zilitungwa zaidi kwa ajili ya wenye mitaji, si kwa ajili yetu. Lakini taa iliyowashwa kwa ajili ya mgeni humulika na mwenyeji. Kanuni ya 19 inataka kampuni iliyoahidi pensheni ya kiasi maalum ionyeshe deni la ahadi hiyo. Kanuni ya 24 inataka mambo yanayofanywa kati ya kampuni na wakurugenzi wake au jamaa zao yatajwe wazi. Kanuni ya 7 inataka mwendo wa fedha uonyeshwe mbali na faida na hasara.

Na tusome kwa haki. Kuna mwaka ambao faida huonekana kubwa kwa sababu thamani ya viwanja vya kampuni imepanda, na huku sandukuni hamna kitu. Tukidai nyongeza kwa faida ya namna hiyo, tutakuwa tunadai ugali kutoka kwenye picha ya ugali.

Sasa, je, kanuni peke yake zatosha? Hazitoshi. Maduka ya Uchumi, yaliyoanzishwa mwaka 1975, yalifunga milango mwezi wa Juni 2006, na wafanyakazi wakajikuta nje. Wakati huo kanuni za kimataifa zilikuwa zimekwisha kutumika nchini miaka 7. Mwezi wa Aprili 2016 benki ya Chase ilitoa hesabu zilizosahihishwa, na mikopo ya watu wa ndani ikaonekana kuwa mikubwa kuliko ilivyoandikwa kwanza. Watu wakakimbilia fedha zao, na benki ikawekwa chini ya mrasimu. Kanuni ilikuwapo. Waliopaswa kuisimamia ndio waliokosekana.

Hapo ndipo lilipo jambo la uongozi wa makampuni. Kumbukeni njia moja ya zamani: dereva hakuruhusiwa kuondoka stesheni mpaka akabidhiwe tokeni, na hakujipa mwenyewe. Wakurugenzi nao wasijipe tokeni. Anayeomba mkopo asiwe ndiye anayeukubali. Mkaguzi wa hesabu asiwe na sababu ya kumwogopa yule anayemkagua. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ilitoa mwongozo wa uongozi bora mwaka 2002, na mwingine mwaka 2015, kwa makampuni yanayouza hisa kwa watu wote. Lakini maandishi hayajisimamii.

Na sisi tusidhani hatuna mlango wa kuingilia. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 57, yasema kwamba wakati wa majadiliano ya mapatano ya pamoja, tajiri atakipa chama habari zote zinazohusika ili kiweze kujadiliana sawasawa. Habari ikiwa ya siri tutaitunza siri, lakini kuiomba si ukorofi. Tena hesabu za mashirika ya serikali hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu, na ripoti zake si siri.

Kwa hiyo twaomba tawi likubali mambo matatu. La kwanza, mjumbe yeyote asiketi mezani kabla kitabu cha hesabu cha miaka mitatu hakijasomwa na kamati. La pili, tuwe na maswali manne kila mwaka: Fedha zilizoingia kwa kazi ni kiasi gani? Makato yetu ya pensheni yamepelekwa yote? Wakurugenzi wana shughuli gani na kampuni? Mkaguzi ameandika neno gani la mashaka? La tatu, tuwatafute vijana wetu waliosomea uhasibu watufundishe jioni moja kila mwezi. Chai tutanunua wenyewe.

Neno la mwisho latuuma sisi wenyewe. Chama nacho kina vitabu, na sheria yataka hesabu zake zikaguliwe kila mwaka. Hatuwezi kusimama mbele ya tajiri tukidai afungue daftari lake, na huku letu limefungiwa kabatini. Tunaomba mweka hazina alete hesabu za tawi katika mkutano ujao, na kila mwanachama aulize apendavyo. Hatumshuku ndugu yetu. Mtu mwaminifu ndiye anayefaidi zaidi daftari likifunguliwa.

Tulitia sahihi mara moja bila kusoma. Isiwe mara ya pili.

Umoja ni nguvu.