Maji ya Kunywa Hayapimwi kwa Macho

Mada iliyowasilishwa kwa Madiwani, Wenyeviti wa Vijiji na viongozi wa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii.



Mara nyingi tumekutana kujadili uhaba wa maji. Leo naomba tuyajadili maji ambayo tayari tunayo: maangavu, baridi, yasiyo na harufu wala ladha ya kututahadharisha, ilhali yamebeba madini ya floraidi kupita kiasi.

Chanzo cha madini hayo ni ardhi yenyewe. Mlima Meru ni volkano, na miamba na majivu yake yana floraidi kwa wingi. Maji ya mvua yanapopenya ardhini huiyeyusha, na kadiri yanavyokaa huko ndivyo yanavyozidi kuibeba. Kwa sababu hiyo chemchemi mbili zilizo jirani zaweza kutofautiana mno. Maziwa ya Momella, tunayoyajua sote, yana mamia ya miligramu za floraidi kwa kila lita.

Floraidi kidogo huyalinda meno yasioze. Ikizidi, hudhuru. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi nchi yetu ililazimika kuvumilia hadi miligramu 4. Leo kiwango cha taifa ni hiyo 1.5.

Anayeumia kwanza ni mtoto. Tabaka gumu la nje la meno ya kudumu hujengeka yangali ndani ya ufizi, tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka minane hivi, na yale ya mbele huathirika zaidi katika miaka mitatu ya mwanzo. Floraidi ikizidi wakati huo, jino huota na madoa meupe, kisha hugeuka kahawia, na likiathirika sana huwa na vishimo na kumeguka. Huo si uchafu, wala mswaki hauuondoi. Kijana anayefunika mdomo anapocheka hakukosa usafi; alikunywa maji tuliyompa.

Madhara ya mifupa huja polepole. Anayekunywa maji yenye floraidi nyingi kwa miaka mingi huanza kwa maumivu ya viungo. Baadaye shingo na mgongo hukakamaa, na katika hali mbaya mwili hupinda. Watoto nao waweza kupata matege. Mfupa ukishapinda hivyo, hakuna dawa ya kuunyoosha.

Ndugu viongozi, kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi hubaki sufuriani na kuongezeka ukali. Tuendelee kuchemsha kwa ajili ya kipindupindu na homa ya matumbo, ila tusijidanganye kwamba tumemaliza kazi.

Jambo la pili ni magadi tunayotia katika makande na maharage ili yaive upesi. Magadi ya kuchimbwa mara nyingi yana floraidi nyingi. Wataalamu waliochunguza meno ya watoto mkoani Kilimanjaro waliyakuta yameathirika hata mahali ambapo maji hayana tatizo, na wakayahusisha na magadi. Kuloweka maharage na mahindi usiku kucha huyalainisha bila hatari hiyo. Aidha, maziwa ya mama hupitisha floraidi kidogo sana, hata pale mama mwenyewe anapokunywa maji yenye floraidi nyingi. Kwa hiyo hatari kubwa kwa mtoto huanza na uji wa kwanza, na akina mama wanaponyonyesha watoto maziwa yao pekee kwa miezi sita huwakinga.

Njia za kujikinga zipo. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliochomwa kwa joto lililodhibitiwa, hunasa floraidi, na Kituo cha Utafiti cha Ngurdoto kimeishughulikia teknolojia hiyo kwa miaka mingi. Sharti lake ni kupima maji na kubadilisha mkaa unapochoka, kwani chujio lililochoka hupitisha floraidi kimyakimya. Maji ya mvua nayo karibu hayana floraidi kabisa. Kaya ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 5 kwa siku kwa kunywa na kupikia, huhitaji lita 30. Tangi la lita 5,000 lililojazwa masika litaitosha zaidi ya miezi mitano, yaani kiangazi chote.

Hapo ndipo ulipo msingi wa ombi langu. Hatuhitaji kusafisha kila tone linalofulia nguo na kunyweshea mifugo. Tunahitaji kuyatenga maji yanayoingia kinywani. Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila chanzo kipimwe masika na kiangazi, na kiasi cha floraidi kiandikwe wazi kituoni. Pili, panapokuwa na chanzo chenye floraidi kidogo, kamati itenge maji yake kwa kunywa na kupikia, na kaya zenye wajawazito na watoto wadogo zitangulie. Tatu, fedha za matangi ya mvua zianzie shule za awali na zahanati.

Wapo wanaohofu kwamba kipimo kikiandikwa, wananchi watasusia bomba na mapato ya chombo yatashuka. Hofu hiyo naielewa, maana pampu haiendeshwi kwa maneno. Lakini maji hayo bado yanafaa kwa kufua, kuoga na kujengea, na mwananchi anayeambiwa ukweli atayalipia kwa matumizi hayo. Akiujua ukweli huo kwa kuyaona meno ya mwanawe, hatatuamini tena.

Mradi mkubwa wa bomba huchukua miaka. Jino la mtoto aliyezaliwa wiki hii halitausubiri. Upimaji, kibao na ndoo ya maji iliyotengwa vyaweza kuanza kabla ya kikao chetu kijacho, nami naomba kila kijiji kije katika kikao hicho na vipimo vyake.