Jicho la Sungura na Sabuni ya Kihurio



Wahitimu wa kidato cha nne wa hapa Kihurio, nimeisikiliza risala yenu. Mmesema wengi wenu mkiwa mnasubiri matokeo mtaunda vikundi, mtaomba mkopo wa vijana wa halmashauri, mtatengeneza sabuni ya maji, shampuu na mafuta ya kupaka. Mmetaja mtaji, chupa, lebo na gulio. Kwa kuwa kazi yangu ni ya maabara, nimeona pengo moja. Sabuni hiyo ikimwingia mtoto machoni itamfanya nini, na mtajuaje kabla haijamwingia?

Swali hilo limekwisha gharimu macho ya watu. Mwaka 1933 huko Marekani iliuzwa rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure. Ndani yake mlikuwa na parafenilinidiamini, kemikali ileile inayotia weusi katika rangi za nywele ambazo mabibi harusi wetu huchorwa kama piko. Wanawake walivimba macho, wako waliopofuka, na mmoja alifariki. Serikali haikuwa na sheria ya kuiondoa rangi hiyo madukani hadi mwaka 1938. Kisha mwaka 1944 mtaalamu wa serikali, John Draize, na wenzake wakachapisha namna ya kupima. Sungura mweupe anashikwa, kope lake la chini linavutwa, anatiwa mililita 0.1 ya kitu kinachopimwa. Jicho la pili linaachwa la kulinganishia. Siku zinazofuata mtu anakuja kuangalia wekundu, uvimbe na ukungu, anatoa alama. Alama zote ni 110, na 80 kati ya hizo ni za konea peke yake, yaani kioo cha mbele cha jicho. Jicho likiharibika vibaya, uangalizi unaweza kufika siku 21.

Siwalaumu sana waliobuni kipimo hicho. Walikuwa na vipofu mbele yao. Lakini kina kasoro ambazo hata asiye na huruma na sungura atazikubali. Sungura ana kope la tatu, machozi yake ni machache kuliko yetu, na konea yake ni nyembamba kuliko ya binadamu. Tena alama hutolewa kwa macho ya mpimaji. Mwaka 1971 Weil na Scala walichapisha matokeo ya maabara zaidi ya 20 zilizopewa kemikali zilezile, na kilichoonekana kikali huku, kule kilionekana si kitu. Mngeleta majibu ya namna hiyo kwenye mtihani wa vitendo, mwalimu angewarudisha benchi.

Aliyelivalia njuga jambo hili alikuwa mwalimu wa sekondari wa New York, Henry Spira. Mwaka 1980 alichapisha katika gazeti la New York Times tangazo la ukurasa mzima, akiiuliza kampuni ya Revlon inapofusha sungura wangapi kwa ajili ya urembo. Kampuni ilitoa fedha za kutafuta njia nyingine, na mwaka 1981 Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kikafungua kituo cha kazi hiyo. Walimu, hapo mnastahili makofi.

Njia ninayoipenda kuliko zote inaanzia machinjioni. Ng'ombe akishachinjwa kwa ajili ya nyama, macho yake hupelekwa maabara yakiwa mabichi. Konea inakatwa, inabanwa kwenye kishikizo, inamwagiwa sabuni au dawa kwa dakika 10 kama ni kimiminika, kisha inaoshwa. Mashine inapitisha mwanga kupima ukungu ulioingia. Baadaye inawekwa rangi ya fluoresini upande mmoja, na kinachovujia upande wa pili kinaonyesha jinsi ukuta wa konea ulivyotoboka. Hesabu inayotokana na vipimo hivyo viwili ikizidi 55, kitu hicho kinaharibu jicho. Ikiwa 3 au chini yake, hakihitaji onyo. Katikati hapo kipimo hakiamui, kinaachia vipimo vingine. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) lilikikubali mwaka 2009, pamoja na kile cha macho ya kuku wa machinjioni. Mwaka 2015 kikaongezwa kipimo cha seli za binadamu zinazooteshwa kwenye kikombe hadi zifanane na ngozi ya juu ya konea. Umoja wa Ulaya ulikwisha piga marufuku, tangu Machi 2013, kuuza vipodozi vilivyopimwa kwa wanyama.

Hapa kwetu vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu mwaka 2019, na tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Sidhani kama kuna mtu Kihurio anayemtia sungura shampuu machoni. Hofu yangu iko kwingine: anayechanganya sabuni jikoni na kuipeleka gulioni bila kuipima amemfanya mteja wake kuwa sungura, na mteja huyo hakuna anayemwandikia alama.

Mengi mnaweza kuyafanya bila jicho la kiumbe yeyote. Hatua ya kwanza ni kusoma yanayojulikana tayari kuhusu kila malighafi. Ya pili ni pH. Kitu chenye pH ya 2 kushuka chini, au 11.5 kupanda juu, huchukuliwa kuwa ni hatari kwa jicho hata kabla ya kukipima zaidi. Katika malighafi za sabuni ya maji, salfoniki ni asidi na soda ashi ni besi. Ukikosea vipimo, upande mmoja unabaki. Litimasi haitoshi, kwa kuwa inakwambia asidi au besi tu. Tumieni karatasi yenye namba. Kikundi kikikua, nendeni SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wawaelekeze kwa TBS, wala msichapishe lebo ya ubora ambayo hamjapewa.

Na ninyi wenyewe mtakaokoroga kostiki soda, vaeni miwani. Ikiruka jichoni, osheni papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka, si chini ya dakika 15, halafu mwende zahanati. Wanaopuliza dawa kwenye mpunga, nanyi mmesikia.

Mkuu wa Shule, risala imeomba darubini mbili. Moja nimeichukua mimi, pamoja na karatasi za pH na miwani ya maabara kwa darasa zima. Wazazi, darubini ya pili ni yenu, na mhasibu wa shule amekaa pale mbele na kitabu chake cha risiti.