Deni la Msomi na Deni la Serikali

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Nimeombwa niseme juu ya vijana wa Marekani wanaosomeshwa na serikali yao ili waje kuilinda mitambo ya kompyuta ya nchi. Huenda mzee mmoja akauliza, ya Marekani yatuhusu nini? Yatuhusu, mzee wangu, kwa kuwa hapa pana mkataba baina ya mtoto wa raia na dola.

Mwaka 1998 Rais Clinton alitoa amri juu ya kulinda vitu ambavyo maisha ya nchi yanavitegemea: umeme, mabenki, simu, maji. Walinzi hawakutosha. Kijana mwenye ujuzi huo akimaliza chuo huchukuliwa na makampuni yenye mishahara ambayo serikali haiiwezi. Ndipo ukaanzishwa mpango uitwao CyberCorps, na mwaka 2001 vyuo vya kwanza, Chuo Kikuu cha Tulsa kikiwa kimojawapo, vikapewa fedha.

Masharti yake ni haya. Serikali hulipa ada yote. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hupewa hadi dola 27,000 kwa mwaka za kujikimu, na wa shahada za juu hadi dola 37,000, kwa muda usiozidi miaka mitatu. Naye hutia sahihi kwamba atatumikia serikali muda ule ule aliosomeshwa. Asipotumikia, msaada wote hugeuka mkopo, na mkopo hulipwa.

Mimi sioni ubaya wowote katika sharti hilo. Aliyesomeshwa kwa kodi ya mkulima na ya mfagia barabara amtumikie aliyemlipia. Na haja ipo kweli: mwaka 2015 iligunduliwa kwamba wezi wa kompyuta wamechukua habari za watu milioni 21.5 kutoka Ofisi ya Utumishi ya serikali kuu, pamoja na alama za vidole za watu milioni 5.6. Ofisi hiyo, ndugu zangu, ndiyo hiyo hiyo inayosaidia kuuendesha mpango huu!

Sasa tazameni yaliyotokea. Tarehe 20 Januari, 2025, Rais Trump aliamuru ajira mpya za raia katika serikali kuu zisimamishwe. Hata CISA, idara ambayo kazi yake hasa ni ulinzi huu, mwaka huo ilipunguza watu. Vijana waliohitimu wakabisha hodi, milango imefungwa. Wengine walikwisha ahidiwa kazi, ahadi zikafutwa. Na saa inakwenda, maana mhitimu hupewa miezi 18 tu ya kupata kazi inayokubaliwa.

Wapo watakaosema, "Lakini mkataba ulisema wazi kwamba kutafuta kazi ni juu ya mwanafunzi." Ni kweli, ulisema. Lakini tuulizane: mtu akikukopesha jembe kwa sharti ulime shamba lake, kisha akalizungushia shamba seng'enge, aweza kukudai bei ya jembe kwa kuwa hukulima? Kijana hakukimbia. Amesimama mlangoni na shahada yake mkononi. Aliyevunja agano ni aliyefunga mlango, hata kama karatasi inamtetea.

Haki ingekuwa rahisi kuiandika. Serikali ikisimamisha ajira, hesabu ya miezi nayo isimame, na ikishindwa kabisa kumpa mtu kazi, deni lifutwe.

Msaada huu ni kwa raia wa Marekani na wakazi wa kudumu tu, kwa hiyo vijana wengi wa kwetu haumo mikononi mwao. Lakini baadhi yenu mna watoto na wajukuu wenye makaratasi ya kule. Mtoto akikuleteeni habari za msaada huo, msimzuie, ni elimu nzuri. Mwambieni aisome kwanza sehemu inayosema ni nani mwenye jukumu la kutafuta kazi, na deni litakuwa kiasi gani kazi isipopatikana, ndipo atie sahihi.