Miguu Ikichoka: Somo la Selemani Matola

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, Soweto, Mbeya)



Nimeombwa niseme machache juu ya michezo na maisha. Hapa Soweto kila kijana anayepiga danadana hujiona yuko tayari Uwanja wa Sokoine. Sibishani naye. Namuuliza swali moja tu: miguu ikichoka, utafanya kazi gani?

Jibu mojawapo tuliliona kwa jirani zetu wa Iringa. Selemani Matola alikuwa kiungo na nahodha wa Simba, wa kizazi kile kilichowatoa Zamalek wa Misri mwaka 2003, wakiwa mabingwa wa Afrika, kwa penalti, tena kwao Cairo. Mwenye sifa hiyo angeweza kuishi kwa kusimulia barazani. Yeye akaingia kwenye ukocha.

Msimu wa 2018/19 alikuwa kocha wa Lipuli. Mei 2019, Uwanja wa Samora, Lipuli iliifunga Yanga 2-0 katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Fainali ikachezwa Lindi mwezi Juni. Azam wakashinda 1-0.

Vijana, litazameni bao hilo moja. Nahodha timu yake ikiwa nyuma hukimbia, hukaba, hupiga mwenyewe. Kocha husimama kando ya mstari, mikono mitupu. Kazi yake ameimaliza mazoezini; siku ya mechi anavuna alichopanda vichwani mwa wengine.

Desemba 2019, baada ya kupita Polisi Tanzania, Matola aliitwa Simba awe kocha msaidizi. Nahodha wa zamani, aliyekwisha kufikisha timu fainali, akakubali kiti cha pili. Agosti 2020, mjini Sumbawanga, Simba wakalitwaa kombe lile lile lililomponyoka kule Lindi.

Lakini msimu huo huo Lipuli ilishuka daraja. Sisemi ilishuka kwa sababu ya kuondoka mtu mmoja. Nasema kwamba mikoa yetu ina wachezaji tele, walimu wa mpira ni haba. Akiondoka mmoja tunabaki tukitazamana. Ukocha una kozi na leseni zake, hupandwa ngazi kwa ngazi, na husomwa hata na asiyewahi kuvaa jezi ya Simba.

Kwa hiyo naomba chama chetu kimlipie mtu mmoja kila mwaka, mwalimu au mhitimu, akasomee ukocha, kwa sharti la kurudi kuifundisha timu ya shule kwa miaka miwili.

Nanyi vijana, chezeni kwa nguvu zenu zote. Ila mwalimu wa michezo anapoeleza kwa nini beki asogee hatua mbili, sikilizeni vizuri. Huenda hiyo ndiyo kazi yenu ya kesho.